Kuwapokea Watoto Shuleni Baada ya Maradhi

Leo nataka kusema nanyi juu ya namna ya kuwapokea watoto na wazazi wao, shule inapofunguliwa baada ya kufungwa kwa ajili ya maradhi ya kuambukiza. Nasema hasa na watu wa Karagwe na Kyerwa, na zaidi na wale wenye kuziangalia shule za msingi za Kikatoliki katika Jimbo la Kayanga. Lakini mwenye shule ya namna nyingine naye asizime redio yake, maana maradhi hayamwulizi mtu dini yake, wala mtoto aliyekosa masomo hapati hasara ndogo kwa kuwa shule yake ni ya fulani.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa. Tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona ameonekana katika Tanzania, huko Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu akatangaza kuwa shule zifungwe, tangu za watoto wadogo hata kidato cha sita. Watoto wakachukua madaftari yao wakaenda nyumbani, na wengi walifurahi, wakidhani ni likizo fupi. Walakini siku zikazidi siku. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni; na shule za msingi pamoja na sekondari zikafunguliwa Jumatatu, tarehe 29 Juni 2020. Ukihesabu tangu siku ile ya tangazo utaona kwamba ni siku 104.

Tena haikuwa kwetu peke yetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, yaani UNESCO, lilihesabu ya kuwa katika mwaka ule wanafunzi zaidi ya bilioni moja na nusu walikuwa nje ya madarasa yao kwa wakati mmoja. Jirani zetu wa Kenya walianza kurudisha madarasa machache mwezi wa Oktoba 2020, na wengine wote Januari 2021. Na ninyi wa Murongo, mnaoitazama Uganda ng'ambo ya Mto Kagera, mwajua ya kwamba huko shule hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hiyo ni karibu miaka miwili. Shule zilipofunguliwa, watoto wengi hawakurudi. Wasichana wengine walikuwa wamekwisha kuwa mama, na shule nyingine za watu binafsi hazikufunguka tena kabisa.

Huenda mtu akasema, "Basi sisi tushukuru, maana kwetu zilikuwa siku 104 tu." Ni kweli, tushukuru. Lakini asidhani mtu kwamba mlango wa shule ukiisha kufunguliwa, shule nayo imefunguliwa. Mlango wa shule hufunguliwa kwa ufunguo mmoja, tena kwa asubuhi moja. Shule yenyewe hufunguliwa nyumba kwa nyumba, na kazi hiyo yaweza kuchukua muhula mzima. Siku ya kwanza mwalimu huita majina katika daftari la mahudhurio. Wale wanaoitika, "Nipo," hao wamekwisha kufika, wala hawana haja ya kutafutwa. Kazi ya mwalimu inaanza pale anapoita jina na darasa likanyamaza.

Wazee wetu wa Karagwe walijua sana maana ya kupokea mtu. Mwaka 1861 wasafiri wawili Waingereza, Speke na Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika. Speke akaendelea na safari mpaka Buganda, lakini Grant hakuweza kwenda, kwa kuwa mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya. Rumanyika hakumfukuza mgeni mgonjwa, wala hakumwacha njiani. Grant alikaa Karagwe miezi kadhaa mwaka 1862, mpaka akapata nguvu ya kuondoka. Basi ikiwa nchi hii iliweza kumtunza mgeni aliyetoka mbali, haitashindwa kumpokea mtoto wake mwenyewe aliyetoka kijiji cha pili.

Sasa tuulize: mtoto asiporudi, ni kitu gani kilichomzuia? Mimi naona vizuizi vitatu, navyo ni hofu, fedha, na aibu. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja haiponyi kingine.

Tuanze na hofu. Mkoa wa Kagera haukuanza kuyajua maradhi katika mwaka 2020. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata nyumba nyingi zilipoteza baba na mama, na watoto wakabaki mikononi mwa nyanya zao. Hata leo si ajabu katika vijiji vyetu kumkuta bibi mzee anayelea wajukuu watatu au wanne, akiwalisha ndizi za shamba lake na kuwasomesha kwa kahawa yake. Huyo bibi alipozuia mjukuu wake asiende shule, watu wengine walimcheka, wakasema hana elimu. Lakini sivyo. Yeye alikuwa amesikia kwamba korona haiwadhuru sana watoto, bali huwaua wazee. Tena kwamba mtoto aweza kuuleta ugonjwa nyumbani pasipo yeye mwenyewe kuugua. Yote mawili ni kweli. Basi bibi hakumwogopea mtoto peke yake. Alijiuliza, "Nami nikifa, hawa watabaki na nani?" Hilo ni swali la mtu mwenye akili, nalo lataka jibu wala si kicheko.

Katika siku zile majibu yalikuwa machache. Tangu Mei 2020 mpaka katikati ya mwaka 2021 hesabu za wagonjwa katika Tanzania hazikuwa zikitangazwa kwa watu. Na mahali pasipo na habari, uvumi hukaa kitini. Wengine walisema ugonjwa umekwisha kabisa. Wengine walisema kila mwenye kukohoa atakufa. Mwezi Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwaonya waamini juu ya wimbi jipya la ugonjwa, na kuwahimiza wajikinge. Nalitaja jambo hili kwa sababu lina fundisho kwa kila mkuu wa shule: mzazi aliye na hofu hatulizwi kwa kuambiwa kwamba hakuna hatari. Hutulizwa akiambiwa hatari ni ipi, na shule imefanya nini juu yake.

Tuseme mwalimu amefika kwa bibi huyo, akapiga hodi, akakaribishwa na kupewa kiti. Akianza kwa kusema, "Bibi, sheria inakutaka umlete mtoto," bibi atanyamaza, na kesho mtoto hatakuja. Lakini tuseme ameanza hivi: "Shikamoo, bibi. Nimekuja kukujulia hali, maana mjukuu wako hatujamwona."

Bibi atajibu, "Marahaba, mwanangu. Yupo, mzima. Mimi naogopa huo ugonjwa wenu."

"Una haki ya kuogopa, bibi. Nimekuja kukueleza tulivyofanya shuleni, nawe uniambie kama yatosha."

Hapo mazungumzo yamekuwa ya watu wawili wanaomlea mtoto mmoja. Mwalimu ataeleza kwamba madirisha ya darasa yanakaa wazi siku zote, kwa kuwa ugonjwa huu huchukuliwa na pumzi za watu, na chumba kilichofungwa huzikusanya pumzi kama chungu kinavyokusanya moshi. Ataeleza kwamba mtoto mwenye homa au kikohozi hubaki nyumbani, wala haadhibiwi kwa kukosa. Atamwonyesha namna mtoto atakavyonawa akirudi, kabla ya kumshika bibi yake mkono. Na kama bibi mwenyewe ni mgonjwa, atamshauri mtoto asilale naye chumba kimoja siku zile.

Juu ya kunawa, shule isiyo na mabomba isijitetee kwa kukosa fedha. Kiko kitu kiitwacho kibuyu chirizi, nacho chatengenezwa kwa nusu saa. Chukua dumu dogo, utoboe tundu karibu na mdomo wake, ulitungike juu ya mti uliolazwa kati ya panda mbili. Funga kamba shingoni mwa dumu, na ncha ya pili uifunge kwenye kijiti kinacholala chini. Mtoto akikanyaga kijiti, dumu huinama na maji huchirizika. Akiondoa mguu, maji hukoma. Sabuni hutungikwa kando kwa uzi. Hivyo mkono haugusi chochote ila maji na sabuni. Na sabuni si pambo: kijidudu cha korona kimevikwa ngozi ya mafuta, na sabuni huyayeyusha mafuta hayo, kama inavyoyaondoa katika sufuria. Wanafunzi wa darasa la tano waweza kutengeneza vibuyu kumi kwa siku moja, na wakiisha kufanya hivyo watakwenda kuvitengeneza nyumbani kwao pasipo kuagizwa.

Kizuizi cha pili ni fedha, na juu ya hiki yafaa tuseme wazi, maana pande zote mbili huumia. Zamani shule nyingi za misheni zilisaidiwa na Serikali, na kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 zilitwaliwa zikawa za Serikali. Shule za msingi za Kikatoliki za siku hizi huendeshwa kwa ada za wazazi. Wazazi wasipolipa, hakuna hazina nyingine ya kumlipa mwalimu wala mpishi. Zilipofungwa mwaka 2020, waalimu wengi wa shule za namna hii katika nchi walikaa bila mshahara. Kwa hiyo mkuu wa shule anayedai ada si mtu mwenye roho mbaya. Naye ana watu wanaomtazama.

Lakini na mzazi naye tumtazame. Katika Karagwe na Kyerwa fedha ya nyumba nyingi ni kahawa. Shule zilifunguliwa mwisho wa Juni, na wakati huo kahawa nyingine iko ianikwani na nyingine ingali mtini. Mzazi akiambiwa, "Lete ada yote Jumatatu au mtoto asije," atafanya nini? Wengi huenda kwa mnunuzi wa butura, wakaiuza kahawa ingali mbichi juu ya mti, kwa bei ndogo sana. Ada italipwa mara hii. Lakini mwaka ule nyumba itakuwa imepoteza mavuno yake, na muhula unaofuata ada haitapatikana kabisa. Basi shule iliyomlazimisha mzazi kuuza butura imejikatia tawi ililolikalia.

Dawa yake ni mapatano. Mkuu wa shule na mzazi wakae pamoja, waandike kiasi gani kitalipwa sasa na kiasi gani kitalipwa chama cha ushirika kitakapolipa kahawa, na kila mmoja atie sahihi. Mtu mwenye haya hapendi kuomba. Kwa hiyo shule ndiyo ianze kusema, tena isiseme mbele ya watu, wala isimtume mtoto kuwa tarishi wa deni. Mtoto aliyerudishwa njiani mbele ya wenzake kwa ajili ya ada ya baba yake ameadhibiwa kwa kosa ambalo si lake.

Tena iko nyumba isiyoweza kabisa, hata kwa mapatano. Mzazi wa namna hiyo akimpeleka mtoto wake shule ya Serikali, ambako elimu ya msingi hailipiwi ada, shule yake ya kwanza isikasirike. Impe barua ya uhamisho, matokeo yake, na neno jema. Mtoto aliyehamia shule nyingine hakupotea. Aliyepotea ni yule ambaye jina lake halimo katika daftari lolote. Waalimu wa shule mbili zilizo jirani, ya Kanisa na ya Serikali, wakutane wakalinganishe madaftari yao; majina yasiyoonekana kwa huyu wala kwa yule, hayo ndiyo ya kutafutwa kwa miguu.

Kizuizi cha tatu ni aibu, nacho ndicho kigumu kuliko vyote, kwa kuwa hakisemi. Siku 104 ni nyingi katika maisha ya mtoto. Mvulana wa darasa la sita amechuma kahawa za watu, ameshika noti mkononi mwake, na sasa aona haya kukaa tena dawatini na kuandikiwa kosa kwa wino mwekundu. Mwingine amesahau kugawanya, naye aogopa kuchekwa. Na msichana mwingine amepata mimba.

Juu ya msichana huyu tujifunze kwa wenzetu. Katika Sierra Leone shule zilifungwa kwa ajili ya ebola mwaka 2014. Zilipofunguliwa Aprili 2015, wasichana waliokuwa na mimba walikatazwa kurudi, wakanyimwa darasa mara ya pili. Na katazo hilo halikuondolewa mpaka Machi 2020. Kwetu Tanzania, tarehe 24 Novemba 2021, Serikali ilitangaza ya kuwa wanafunzi walioacha shule, wakiwamo wasichana waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi kusoma. Basi mlango wa sheria umefunguliwa. Umebaki mlango wa ndimi zetu. Msichana hawezi kupita katika mlango wa sheria ikiwa njiani anasimangwa na jirani, na darasani ananyoshewa kidole. Mama yake na amhesabie siku za kurudi kama anavyohesabu siku za kliniki ya mtoto. Na mwalimu amwite kwa jina lake tu, kama anavyowaita wengine.

Na yule aliyesahau masomo? Nawaomba waalimu wasiendelee na kitabu kana kwamba siku zile zilisomwa. Fundi akikuta mvua imebomoa kozi mbili za ukuta, hajengi ya juu kabla ya kurudisha zile mbili. Wiki mbili za kwanza ziwe za kupima kila mtoto amebaki wapi, kwa upole, pasipo alama na pasipo fimbo. Mtoto asome kwa sauti aya moja, afanye hesabu chache, aeleze alifanya nini siku zile nyumbani. Wengine watakuwa wamejifunza mambo ambayo mwalimu hayajui: kupima kilo za kahawa, kumwuguza mgonjwa, kumlea mdogo wao. Hayo nayo yasifiwe, kisha yatumiwe katika somo. Mtoto aliyepima kahawa wiki nzima hana sababu ya kuogopa hesabu za gramu na kilo.

Ninyi wanafunzi mnaonisikiliza, nanyi mna kazi. Mwenzenu aliyechelewa kurudi msimcheke. Mpitieni asubuhi mwende naye. Mara nyingi mtoto ambaye hakumsikia mkuu wa shule, wala padre, wala mwenyekiti wa kijiji, humsikia rafiki yake anayesimama nje na kumwita. Katika Injili mwasoma habari za mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akaenda kumtafuta mmoja. Wengi huusifu moyo wa mchungaji yule. Mimi nasifu pia hesabu yake, kwa sababu kama asingehesabu, asingejua kwamba mmoja hayupo.

Mtu mwingine atasema, "Mambo haya yamepita; tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha." Ndivyo lilivyotangaza. Lakini kumbukeni kwamba tarehe 21 Machi mwaka uo huo ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika Wilaya ya Bukoba, mkoani mwetu, ukaua watu sita kati ya tisa kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Na Januari 2025 ukatangazwa tena, mara hii Biharamulo. Ugonjwa huo ni mwingine, na kinga yake si ile ile, maana huo huambukiza kwa kugusana na maji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Lakini shule iliyozoea kunawa, iliyozoea kumwambia mzazi kweli, na inayoijua njia ya kwenda nyumbani kwa kila mtoto, haitaanza upya siku ya taabu.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja ambalo halingoji maradhi. Kila mwalimu wa darasa katika Karagwe na Kyerwa, tangu Kayanga hata Nkwenda, na tangu Nyaishozi hata Murongo, awe na daftari dogo lenye jina la kila mtoto, kitongoji chake, anayemlea ni nani, na jirani wa kumtuma ni nani. Kila muhula alisahihishe. Gharama yake ni daftari moja na jioni mbili. Shule ikifungwa ghafula, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko ufunguo wa mlango; maana siku ya kufungua, ufunguo utafungua chumba, bali daftari litawaonyesha waalimu wanaotakiwa kuwamo.